Jino la Karani wa Mizani

Limekuwa la manjano, kama risiti
iliyosahaulika dirishani.
Jino la mbele, juu; kushoto kwangu, kulia kwake.
Anaitwa Somoe Nandonde, karani wa mizani
chama cha msingi, Kitangari.
Amefika Newala kwa bodaboda
na kanga mdomoni, kwa ukungu wa Juni.

Mwaka wa tisini na tatu ndoano ilichomoka:
gunia likashuka, chuma kikapanda,
kikamgonga hapa.
Halikuvunjika. Halikulegea.
"Liliuma siku mbili, daktari, likanyamaza."

Likanyamaza. Hilo ndilo ninaloliogopa.
Maana kuna jino likiumizwa hugeuka mwashi,
hukoroga chokaa ndani kwa ndani,
hupaka ukuta juu ya ukuta
mpaka njia ya damu inakuwa uzi,
na uzi unakuwa tetesi.

Eksirei: weupe mtupu toka taji hadi mzizi,
na kwenye ncha, kivuli
kama punje ya mtama.
Usaha umejua njia. Mimi sijaijua.

"Ling'olewe," mumewe ameshasema,
"elfu kumi na tano, tumemaliza."
Lakini Somoe anahesabu vingine:
"Oktoba msimu unafunguliwa.
Nisimame mbele ya wenye magunia
niseme *themanini na sita*, upepo upite hapa?
Karani mwenye pengo, nani ataamini kilo zake?"

Ganzi. Mpira wa kijani. Keekee.
Nikachimba milimita sita, saba, tisa.
Unga mweupe, na chini yake unga mweupe.
Nikapiga picha nyingine, jasho likanitoka:
shimo langu lilikuwa limelalia upande wa mdomo.
Milimita moja zaidi ningetokea nje ya mzizi
kama panya aliyekosea tundu.

Nikaziba kwa dawa ya muda. "Rudi Alhamisi."
Hakuuliza kitu. Alinitazama tu
kama anavyomtazama mkulima aliyetia mchanga guniani.
Nje, Shimo la Mungu lilikuwa limefutika kwa ukungu;
hata shimo la ukubwa ule
linaweza kumpotea mtu.

Mwalimu wetu wa Muhimbili, mkali, mwenye kikohozi,
alituambia jambo moja nililoliandika nikalisahau:
*mfereji hukaa katikati ya jino,
haukai katikati ya shimo ulilochimba wewe.*

Alhamisi sikugusa keekee kwanza.
Nilidondosha klorini, nikavaa miwani ya kukuza,
nikangoja. Penye nyama, hata ya kuoza,
klorini huchemka.
Umeme ukakatika; Mchihiyo akashika tochi ya simu,
mkono wake ukitetemeka kidogo.
Povu moja.
Nikadhani ni macho yangu.
La pili, pale pale,
nyuma, karibu na ulimi, nilikokupa kisogo.

Faili namba sita ni nyembamba kama unywele.
Robo kulia, robo kushoto,
kama mtu atiaye saa ya zamani ufunguo.
Ya kwanza ilipinda. Ya pili. Ya tatu nikaitupa kwa hasira
na Mchihiyo akakohoa kwa adabu.
Ya nne ikashikwa.
Ukigonga ukuta, chuma hudunda;
hapa kilishikwa
kama kidole kishikwavyo na mtoto mchanga.
Sikupumua. Sijui yeye.
Kumi na nne. Kumi na saba. Ishirini na moja.

Nilipomvua mpira wa kijani aliomba kuona
kilichotoka. Nikamwonyesha pamba:
vumbi, doa la kahawia.
"Uzito wake?"
Nikasema haufiki hata gramu.
"Miaka thelathini na moja," akasema,
"na haufiki gramu."

Kisha, mdomo ukiwa bado na ganzi,
akakigeukia kioo cha ukutani, akajaribu taratibu:
themanini na sita.
Themanini na sita na nusu.